Pikipiki ya Marehemu Baba: Niiweke au Niiuze?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, aliyetupa vya kupanda nchi kavu na baharini. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, Swahaba zake na kila anayefuata njia yao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.



Ijumaa moja muhula uliopita, baada ya swala, kijana mmoja alinisubiri nje ya msikiti hapa Arua. Nyuma yake ilisimama Yamaha AG100, pikipiki ya zamani ambayo wengi wenu mmewahi kuiona ikitumiwa na maafisa wa kilimo, walimu na watu wa miradi: kariya mbele, kariya nyuma, na cheni iliyofunikwa isiingie vumbi. Akaniambia: "Ustadh, nina swali ambalo si la fiqhi. Pikipiki hii aliiacha baba yangu. Ninaipenda kuliko kitu chochote nilicho nacho. Wenzangu wananiambia niiuze ninunue Bajaj, kwa sababu spea zake hazipatikani kila duka. Mama hasemi kitu. Mimi nataka niiweke miaka yote, hata niwe na watoto waione. Je, niiweke au niiuze?"

Nikamwambia kwamba swali lake ni la fiqhi tangu neno la kwanza. Akashangaa. Tukakaa kivulini, na mazungumzo yaliyokuwa ya dakika tano yakafika karibu na Alasiri. Kwa ruhusa yake ninayaandika hapa, bila jina lake wala jina la kijiji chake, kwa kuwa nimeona wengi wenu mna kitu kama hicho. Kwa mmoja ni pikipiki, kwa mwingine simu, kompyuta, ng'ombe wa marehemu babu au chumba cha duka sokoni Koboko.

Kwanza: kitu hiki ni cha nani?

Nilimuuliza swali moja: "Baba alipofariki, pikipiki hii iligawanywa?"

Akanyamaza. Kisha akasema kwamba siku ya matanga, baba mdogo alimkabidhi ufunguo mbele ya watu, akasema mtoto wa kiume ndiye anayeshika mahali pa baba. Watu wakaitikia, dua ikasomwa, na tangu siku hiyo pikipiki ikawa yake. Miaka miwili amekuwa akiipanda kutoka Koboko kuja Arua na kurudi, kama kilomita hamsini na kitu za lami, akipita Maracha na Ombaci. Ameitunza vizuri. Ameibadilisha tairi, cheni na plagi kwa fedha zake mwenyewe.

Nikamuuliza baba aliacha nani. Akasema: mama yake, yeye mwenyewe, dada yake anayesomea uuguzi, na mdogo wao wa kike mwenye miaka 11. Wazazi wa marehemu walikwisha tangulia mbele ya haki, na marehemu hakuwa na mke mwingine.

Ndugu zangu, hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Ufunguo hauhamishi umiliki. Baba mdogo, kwa heshima zake zote, alikabidhi kitu ambacho hakikuwa chake. Allah Mwenyewe ndiye aliyegawa mirathi katika Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12. Hakuliachia jambo hilo baraza la ukoo, wala mtoto mkubwa, wala msemaji wa matanga. Na ametaja kwamba mgao huo huja baada ya kutekeleza wasia na kulipa deni.

Nikamuuliza: "Baba alikuwa na deni?" Akasema lipo moja, shilingi 400,000, la mwenye duka Koboko aliyempa mabati. Mwenye duka huyo hajawahi kulidai tangu mazishi. Anaona haya. Lakini haya ya mdai haifuti deni. Tirmidhi amepokea hadithi ya Mtume (s.a.w.) yenye maana kwamba nafsi ya muumini hubaki imefungwa na deni lake mpaka lilipwe. Kijana huyu alikuwa anampenda baba yake kwa kuipanda pikipiki yake, na huku baba yake anangoja kaburini alipiwe mabati.

Tukachukua kalamu. Nyumba na kishamba wanavitumia wote pamoja, navyo vina hesabu yake, na nilimshauri wapange siku ya kuvikalia pia. Siku ile tulihesabu pikipiki tu, ili aone kwa macho. Fundi wake alikuwa ameikadiria shilingi 2,800,000. Ondoa deni la 400,000, inabaki 2,400,000. Mama, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, ana thumni, yaani moja ya nane: 300,000. Inabaki 2,100,000 kwa watoto, na mtoto wa kiume ana sehemu mbili za mtoto wa kike. Sehemu ni nne. Yeye anapata 1,050,000, na kila dada anapata 525,000.

Akaitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ndogo: "Kumbe hata nusu yake si yangu."

Naam. Alikuwa anauliza kama aiweke pikipiki yake miaka yote, na pikipiki yenyewe haikuwa yake. Na katika wale wenye haki ndani yake kuna yatima. Aya ya 10 ya sura hiyo hiyo inatuonya kwamba wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma hakika wanakula moto matumboni mwao. Mtu anaposoma aya hii humfikiria mjomba mwenye kitambi anayeuza ardhi ya watoto. Hajifikirii yeye mwenyewe, mwanafunzi mpole anayeswali safu ya mbele, akiwa juu ya pikipiki ambayo sehemu ya bei yake ni ya mdogo wake wa darasa la tano.

Jabir na ngamia wake

Nikamsimulia habari ya Jabir bin Abdillah (r.a.), kwa sababu hakuna Swahaba aliyefanana naye zaidi. Baba yake Jabir aliuawa shahidi katika vita vya Uhud, akaacha deni na mabinti. Riwaya zinasema walikuwa saba au tisa. Jabir alikuwa kijana. Alipooa, hakuoa msichana wa rika lake. Alioa mwanamke aliyewahi kuolewa, na Mtume (s.a.w.) alipomuuliza sababu, alisema alitaka mtu mzima atakayewasimamia dada zake na kuwachana nywele. Mtume akamsifu kwa hilo.

Mazungumzo hayo, kama walivyopokea Bukhari na Muslim, yalikuwa njiani, Jabir akiwa juu ya ngamia aliyechoka, aliyebaki nyuma ya msafara. Mtume (s.a.w.) akamsukuma yule ngamia na kumwombea, akaenda mwendo ambao hakuwahi kuwa nao. Kisha akamwambia Jabir: niuzie. Jabir hakutaka. Alikuwa ngamia wake wa kutegemea, na sasa alikuwa mzuri kuliko zamani. Mwishoni akakubali kumuuza kwa wakia moja, kwa sharti ampande mpaka Madina. Walipofika, akamleta ngamia na akalipwa bei yake. Alipokuwa anaondoka, Mtume akamwita, akampa na ngamia vilevile.

Tunapenda mwisho wa kisa hiki, ngamia aliporudishwa. Lakini tuangalie katikati yake. Jabir alikubali kuuza akiwa hajui kwamba atarudishiwa. Alikuwa na dada nyumbani na mzigo wa baba yake mabegani, na alipoombwa kitu alichokipenda na mtu mwenye haki zaidi juu yake, alikitoa. Aliweza kukiachia kwa kuwa kilikuwa mkononi tu. Hakikuwa kimemshika yeye.

Farasi ni watatu

Sasa tuseme pikipiki ni yako kweli. Umeinunua kwa jasho lako, au umerithi na wenzako wamepewa haki zao, na kadi ya umiliki ina jina lako. Je, uiweke muda mrefu?

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) hadithi ambayo kila mwenye kipando anapaswa kuijua. Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba farasi ni wa watu watatu. Kwa mmoja ni thawabu, kwa wa pili ni sitara, na kwa wa tatu ni mzigo wa dhambi.

Wa kwanza ni yule aliyemweka kwa ajili ya Allah. Kila anachokula farasi huyo malishoni ni mema kwa mwenyewe. Hata akikata kamba akakimbia, nyayo zake zinaandikwa mema. Hata akipita mtoni akanywa bila mwenyewe kukusudia kumnywesha, ni mema.

Wa pili ni yule aliyemweka ili ajitosheleze na asiombe watu, kisha hakusahau haki ya Allah katika shingo zao na migongo yao. Huyo farasi wake ni sitara.

Wa tatu ni yule aliyemweka kwa majivuno, kujionyesha na kuwafanyia uadui Waislamu. Huyo farasi wake ni mzigo.

Kisha Swahaba wakauliza: na punda je? Ndugu zangu, swali hilo ni kama letu sisi tunaouliza: na pikipiki je? Mtume akajibu kwamba hakuteremshiwa juu ya punda kitu mahsusi isipokuwa aya ile moja inayokusanya yote, ya mwisho wa Suratuz Zilzala, kwamba atakayefanya kheri uzito wa chembe ataiona, na atakayefanya shari uzito wa chembe ataiona. Basi na pikipiki imeingia humo, lita kwa lita na safari kwa safari.

Kwa hiyo hukumu haifuati umri wa injini. Wapo wenye pikipiki ya miaka ishirini ambayo ni thawabu kwao, na wapo wenye mpya ya wiki mbili ambayo ni mzigo. Jiulize yako inakwenda wapi. Inakupeleka darasani kwa wakati na kumpeleka mama kliniki? Inakulipia ada kwa abiria wachache wa Jumamosi, usimwombe mtu? Hiyo ni sitara, na ukiongeza nia inakuwa thawabu. Inakupeleka kukoroma injini mbele ya hosteli ya wasichana saa nne usiku? Huyo ni farasi wa tatu, na kumweka miaka yote ni kujiwekea mzigo miaka yote.

Haki ya mgongo

Neno lile la haki katika migongo yao lilinigusa mimi mwenyewe siku moja, na sitawaficha.

Ninayo pikipiki yangu, sasa ni mwaka wa tisa. Usiku mmoja wa mvua jirani alinigongea. Mke wake alikuwa na uchungu wa kujifungua, na mahali pale hapakuwa na gari. Aliniomba nimwazime pikipiki au nimpeleke mimi. Nilikuwa nimeiosha jioni ile na kuifunika turubai. Nikafikiria tope la barabara ya ndani, nikamwambia breki ni mbovu. Breki haikuwa mbovu. Akaondoka akikimbia, akapata boda kwenye stegi ya mbali. Alhamdulillah, mama na mtoto walifika salama. Asubuhi jirani huyo huyo akaja kunishauri fundi mzuri wa breki. Sikuweza kumtazama usoni. Baadaye nilimwendea nikamwambia ukweli na kumwomba msamaha, akanisamehe, lakini ule uongo niliusema mimi, na niliusema kwa ajili ya chuma.

Wanazuoni wameeleza haki ya mgongo kuwa ni pamoja na kumbeba mwenye haja, kumwazima anayehitaji, na kutokibebesha kipando kupita uwezo wake. Wakati wa farasi mtu alijua kumhurumia mnyama. Sisi tunapakia watu watatu na gunia la mihogo, na hatuihurumii pikipiki wala watu walio juu yake. Kila mwaka ripoti za polisi ya Uganda huwaonyesha wapanda pikipiki miongoni mwa wanaokufa wengi zaidi barabarani. Allah ametukataza katika Suratul Baqara, aya ya 195, kujitupa wenyewe katika maangamizi. Basi anayetaka kuiweka pikipiki yake muda mrefu aanze kwa kujiweka mwenyewe: helmeti yake na ya abiria, breki zinazoshika, taa ya nyuma inayowaka, leseni ya kweli. Kutunza kipando ni ibada. Kukiendesha kikiwa kibovu kwa sababu unakipenda mno kukiacha si mapenzi.

Na juu ya zaka, kwa kuwa mnaniuliza mara kwa mara: pikipiki unayoipanda mwenyewe haina zaka, kama Mtume (s.a.w.) alivyoeleza kwamba Muislamu hana zaka katika farasi wake. Ukiwa unanunua na kuuza pikipiki kwa biashara, hiyo ni mali ya biashara, na inazakiwa kwa thamani yake ikitimiza nisabu na mwaka. Fedha unayopata kwa abiria inaingia katika hesabu ya fedha zako nyingine.

Kitu kinapokupanda wewe

Allah anatusimulia katika Surat Sad habari ya Nabii Sulayman (a.s.), alivyoonyeshwa jioni farasi wazuri, wenye kasi. Wafasiri wengi wamesema kwamba aliwatazama mpaka wakati wa ibada yake ukampita, naye akajuta. Huyo ni Nabii na mfalme, na farasi wake walikuwa wa jihadi. Sisi tunapitwa na Alasiri tukisugua rimu.

Kuna alama rahisi. Unapokipanda kipando chako, je, unakumbuka dua iliyomo katika Suratuz Zukhruf, aya ya 13 na ya 14? Dua hiyo inamtakasa Aliyekitiisha kitu hicho kwetu, inakiri kwamba sisi wenyewe tusingekiweza, na inamalizia kwamba kwa Mola wetu tutarejea. Tafakarini, mtu anawasha pikipiki aende sokoni tu, na dini inamkumbusha safari ya kaburini. Anayeisema dua hiyo kwa moyo kila asubuhi, pikipiki yake haitakuwa sanamu. Anajua kila siku kwamba ipo siku atashuka asipande tena, na mwingine atachukua ufunguo.

Wala kupenda kitu si dhambi. Suratun Nahl, aya ya 8, inataja farasi, nyumbu na punda kuwa ni wa kupandwa na ni pambo vilevile, kisha inasema kwamba Allah anaumba tusivyovijua. Uzuri wa kipando ni neema. Mtume (s.a.w.) alikuwa na ngamia aitwaye Adhbaa ambaye hakuwa akishindwa mbio. Siku moja bedui akaja na ngamia wake mdogo akamshinda, na Waislamu wakaumia sana. Mtume akawaeleza kwamba ni haki juu ya Allah kwamba hakuna kitu cha dunia kinachopanda isipokuwa hukishusha. Hadithi hii ameipokea Bukhari. Basi pikipiki yako nayo itashuka. Itaharibika, itaibiwa, au itapitwa. Iweke ukiwa unalijua hilo.

Walivyoamua

Tumrudie kijana wetu. Nilimpa njia zilizo halali. Wanaweza kuiuza na kugawana. Au yeye anunue sehemu za wenzake, kwa fedha taslimu au kwa awamu bila riba, na waandike mbele ya mashahidi, kama tulivyoamrishwa kuandika madeni katika Suratul Baqara, aya ya 282. Au ibaki ya wote, ifanye kazi, na pato ligawanywe kwa sehemu zile zile. Mama na dada mkubwa wanaweza kusamehe sehemu zao kwa ridhaa, bila kusukumwa na bila kuonewa haya. Lakini mdogo wa miaka 11 hawezi kusamehe, na hakuna anayeweza kusamehe kwa niaba yake. Haki yake ilipwe na iwekwe.

Jumamosi akaenda Koboko. Wakakaa wanne, na baba mdogo akaitwa kwa heshima. Mwanzoni alikasirika, akasema Ustadh wa chuoni anavunja ukoo. Kijana hakubishana naye. Alimsomea aya, akamwonyesha karatasi. Mzee akauliza kuhusu lile deni la mabati, kwa kuwa hakuwa akilijua, na akanyamaza.

Mama akasema sehemu yake amemsamehe mwanawe. Dada mkubwa akalia. Ndipo kaka mtu akajua kwamba dada yake ana ada ya muhula mzima haijalipwa, na wakati wa mitihani unakaribia. Alikuwa hajasema. Aliona kaka yake anavyoipenda pikipiki ya baba, akaona haya kuomba kitu ambacho hakujua kwamba ni chake.

Kijana akapiga hesabu. Ili aiweke, alihitaji 400,000 za deni na 1,050,000 za dada wawili. Hakuwa nazo. Rafiki mmoja akamwonyesha mkopo wa haraka wa simu, wenye riba. Akanipigia. Nikamwambia: hutamlipia baba deni lake kwa riba.

Akaiuza. Mnunuzi alikuwa mtu anayezunguka vijijini kutibu mifugo. Kabla ya kushikana mikono, kijana akamwambia kwamba gia ya tatu huruka injini ikipata moto. Mnunuzi hakuwa amegundua. Bei ikashuka kwa laki moja na nusu. Wenzake wakamcheka. Lakini Mtume (s.a.w.) amesema, katika maana ya hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo, baraka yake hufutwa. Hesabu ikapigwa upya kwa bei halisi. Mwenye duka alilipwa siku ile ile jioni, naye akamwombea marehemu mbele yao. Dada akalipa ada. Fedha ya mdogo imewekwa, na imeandikwa.

Muhula huu kijana anakuja Arua kwa gari la abiria. Wiki iliyopita aliniambia kwamba aliiona pikipiki Ombaci, imesimama nje ya boma la mtu, na kisanduku cha dawa za mifugo kimefungwa kwenye kariya ya nyuma. Dereva hakusimama. Nilimuuliza kama iliuma. Akasema: "Iliuma, Ustadh. Lakini kwa mara ya kwanza tangu mazishi, nilimwombea baba bila kuona aibu."

Ndugu zangu, kabla likizo haijaisha

Sisemi kila mtu auze. Yangu bado ninayo, na kama pikipiki yako ni halali, haki zake zimelipwa, inakusitiri na haikuchukulii swala, iweke na umshukuru Allah, hata miaka ishirini. Nasema tu kwamba swali la kuweka au kuuza huja baada ya swali la haki. Rudini nyumbani, Koboko, Yumbe, Maracha, Moyo au kwingineko, mkaulize kwa adabu: marehemu alikuwa na deni? Mali iligawanywa? Kama mgao unawatatiza, nendeni kwa kadhi wa wilaya au kwa mwalimu mnayemwamini.

Nanyi dada zangu, msinyamaze kwa haya kama yule dada. Kudai sehemu aliyokupa Allah si uchoyo wala si kuvunja ukoo. Na nyinyi kaka, msingoje dada zenu wadai.

Siku ya Kiyama, kama alivyopokea Tirmidhi, mja hataondosha miguu yake mpaka aulizwe, na miongoni mwa atakayoulizwa ni mali yake: aliipata wapi na aliitumia katika nini. Heri tuulizane hapa chini ya mwembe, tukiwa na kalamu na muda.

Ewe Allah, tusamehe tuliyokula bila kujua, na utupe nguvu ya kuyarudisha baada ya kujua. Warehemu wazazi wetu waliotangulia, uwafungue na madeni yao kupitia mikono yetu. Vijaalie vipando vyetu viwe sitara na thawabu, visiwe mzigo. Tulinde njiani, utufikishe salama, na siku ya kushuka kwa mara ya mwisho utushushe ukiwa radhi nasi. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.